Kijani cha Pagume

Kila asubuhi nilifuta vumbi kwenye kioo cha taa kwa ncha ya netela yangu, shali nyeupe ya pamba, nikatazama rangi, kisha nikainua simu ya ofisi na kumwambia Shambel Debebe neno moja. Shambel alikuwa mlinzi wa kivuko. Jeshini alikwisha kustaafu zamani, lakini cheo chake cha ukapteni, Shambel, kilibaki midomoni mwa watu, na yeye mwenyewe alibaki na tabia ya kutotaka neno la pili. Nikisema kijani, alifungua kamba watu wakashuka mtoni. Nikisema manjano, walichota maji ukingoni na kurudi. Nikisema nyekundu, alifunga kamba na kupiga kelele kwenye kipaza sauti chake mpaka mbuzi nao wakapanda mlima.

"Kijani, Shambel," nilimwambia asubuhi ile.

"Kijani, nimepokea. Malaika Rufaeli akubariki, binti. Leo wamejaa kama nzige huku."

Nikakata simu, nikamimina kahawa. Kabla sijaonja, simu yangu ya mkononi ikalia. Alikuwa mama.

"Wubit! Njoo basi, hata kidogo tu. Mvua imeanza, watoto wote wako uchi wanarukaruka, na huyu Meklit hataki kutoka majini. Nimwambieje mtoto wa dada yako? Kichwa kigumu kama cha baba yake."

"Emaye, niko kazini."

"Kazi siku ya Rufaeli! Haya, usiposhuka utayakosa. Maji ya leo si ya kawaida, mwanangu. Mekundu! Mekundu kama pilipili ya berbere. Padri anasema ni baraka ya mwaka wote." Kisha kelele za watoto zikammeza, na simu ikakatika.

Nilibaki nimeshika kikombe hewani.

Mto wetu huwa wa kijivu, na mvua ikinyesha mjini huwa kahawia. Udongo mwekundu uko mbali, juu milimani, kilipo kipimo chetu cha kwanza cha kina cha maji. Maji mekundu hayafiki kivukoni mpaka mlima wenyewe uwe umeanza kumomonyoka.

Nikatazama taa. Kijani. Haikupepesa.

Taa ile ilikuwa ya Gashe Asnake, mkuu wetu. Ilikuwa yake kama mtoto alivyo wa mzazi. Aliitengeneza mwenyewe mwanzoni mwa mwaka huu, sherehe za Mwaka Mpya zilipokwisha, kwa vioo vya taa mbovu za barabarani na kompyuta kuukuu, baada ya miaka mingi ya kuiomba mamlaka ya mto ituletee kitu cha namna hiyo. Huko juu tuna vipimo vitatu vilivyosimikwa mtoni. Kila kimoja hutuma mstari mmoja mara kwa mara, mchana na usiku: tarehe, saa, kina cha maji, na neno la mwisho, SHWARI au ANGALIA au HATARI. Mistari hiyo hujipanga ndani ya faili, maelfu kwa maelfu, na hakuna binadamu mwenye macho ya kuisoma yote. Programu ya Gashe huisoma kwa niaba yetu na kuigeuza kuwa rangi. Watu wa mji waliipenda taa kwa sababu haikuwa na ubishi. Zamani mmoja wetu alipiga simu kivukoni akisema watu washuke, mwingine akasema wapande, na Shambel alikaribia kuwapiga wote wawili. Ndipo sheria ikawekwa: neno ni la taa, si la mtu.

Kwa miezi mingi sikuwa nimelifungua faili lile. Kwa nini ningelifungua? Nilikaa mbele ya kompyuta, nikajiambia kwamba naangalia tu, kama mtu anayerudi kuhakikisha kama amefunga mlango.

Mistari ilikuwa ikiingia. Tarehe tatu, mwezi wa kumi na tatu, kipimo cha juu: HATARI. Mstari uliofuata, kipimo kilekile: HATARI. Na uliofuata. Namba za kina zilikuwa zinapanda kama mtu anayekimbia ngazi. Kipimo cha kati kilikuwa bado ANGALIA. Kipimo cha chini, kile kilicho karibu zaidi na kivuko, kilisema SHWARI.

Nikainua macho. Kijani.

Nikafungua programu yenyewe, nikatafuta mstari wa mwisho iliousoma. Ulikuwa wa siku ya mwisho ya Nehase, mwezi wa kumi na mbili. Siku hiyo mto ulikuwa shwari kweli. Tangu hapo taa ilikuwa haijasoma kitu, na kwa kuwa haikusoma kitu, haikubadilisha kitu. Ilikuwa imesimama na rangi yake ya mwisho kama mtu aliyekufa akiwa anatabasamu.

Sababu niliiona, na nilitamani nisingeiona. Gashe hakuandika kila kitu mwenyewe. Kipande cha kukagua tarehe alikiazima mtandaoni, kimeandikwa na watu ambao mwaka wao unaisha kwenye mwezi wa kumi na mbili. Kipande hicho kilipoona namba kumi na tatu mahali pa mwezi, kilihesabu mstari ule kuwa umeharibika, kikautupa, kikaendelea. Hakuna mtu hapa anayeweza kusahau Pagume, mwezi wetu wa kumi na tatu. Mtoto wa chekechea anajua kwamba baada ya Nehase kuna siku zile chache za mvua takatifu, halafu mwaka mpya. Lakini taa ilizaliwa baada ya Pagume iliyopita. Hii ilikuwa Pagume yake ya kwanza, na ilikuwa kipofu. Na katika mwaka mzima hakuna siku ambayo watu wetu wanaingia mtoni wengi kama siku ya Rufaeli.

Nikakimbilia barazani.

Gashe Asnake alikuwa amekaa na wageni wanne kutoka ofisi ya mkoa. Walikuja kuiona taa. Ikiwapendeza, kila mji ulio kando ya mto ungepewa yake. Mkate mkubwa wa sikukuu ulikuwa umekatwa, moshi wa ubani unapanda, mvua inagonga bati juu yao. Gashe aliponiona uso wake ulifunguka. Ni mtu mpole mwenye sauti kubwa. Ndiye aliyenichukua kazini nikiwa na cheti kipya na ulimi usiofunguka, na hakuwahi kunigombeza hata siku moja. Nadhani hilo ndilo lililonifanya niwe mwoga zaidi mbele yake.

"Gashe, samahani."

"Ehee! Bibi Kimya ameamka! Njoo uwasalimie wakubwa. Waambie, taa yetu inasemaje leo?"

"Inasema kijani, Gashe, lakini..."

"Mmesikia? Kijani! Na mvua yote hii!" Akapiga makofi mara moja. "Zamani siku kama hii tungekuwa tunakimbizana na miavuli."

"Lakini labda... faili lina mistari ambayo taa haijaiona. Nadhani."

"Kumbe taa ina macho," alisema mgeni mmoja mnene, na wenzake wakacheka.

"Mwacheni, huyu ana huruma hata na mashine," Gashe akasema. "Juzi aliniuliza kama kompyuta haichoki. Nikamwambia, mpelekee kahawa."

Wakacheka tena. Hakikuwa kicheko kibaya. Kama kingekuwa kibaya labda ningekasirika, na hasira ingenisaidia.

"Gashe, ni kwa sababu ya Pagume..."

"Tunajua ni Pagume, mwanangu. La sivyo mkate huu tunaula kwa sababu gani?"

Maneno yalikuwa yamenifika kooni, kicheko kikayarudisha tumboni. Mgeni mmoja, mzee mwenye kofia, alinionea huruma, akakata kipande cha mkate na kunitia mkononi, akasema, "Kula, binti, umekonda." Nikasema asante. Nikainamisha kichwa, nikarudi ndani na mkate wangu.

Kwenye skrini kipimo cha kati kilikuwa kimegeuka. HATARI.

Nilimpigia mama. Simu iliita, ikaita, ikanyamaza. Nikapiga tena. Nilijua iko wapi: imefungwa kwenye netela yake kavu, juu ya jiwe, na yeye yuko majini hadi magotini, anamshika Meklit mkono, mtoto anavuta kuelekea katikati. Niliona mambo mengine pia ambayo sitayaandika.

Nikainua simu ya ofisi.

"Shambel, watoe watu."

"Nani anasema?"

"Mimi. Wubit."

"Taa inasemaje?"

Taa ilikuwa mbele ya uso wangu. Mwanga wake ulikuwa umenipaka kijani mikononi.

"Shambel, kuna tatizo kwenye faili. Programu haisomi mistari ya mwezi huu, kwa hiyo taa haijui kwamba..."

"Binti." Nyuma yake ngoma za kanisa zilikuwa zinalia, na watu wanaimba. "Mimi faili silijui. Nisikilize. Padri yuko majini hadi kiunoni na msalaba mkononi. Kuna bibi kiwete tumembeba kwa kiti. Watoto siwezi hata kuwahesabu. Nikipiga kelele bure, watakanyagana kwenye mawe, na watakaoumia ni wangu. Mimi najua rangi tatu. Nipe rangi."

"Gashe hajasema..."

"Sikuuliza Gashe. Nipe rangi au kata simu."

Ni neno dogo. Nimelisema mara nyingi tangu utotoni, nikinunua uzi, nikichagua kitunguu. Asubuhi ile lilikuwa zito kama jiwe la kusagia, kwa sababu taa ilikuwa inasema lingine, na nyuma ya ukuta watu wanaoheshimika walikuwa wanaisifu, na kama nimekosea, kesho mji wote ungejua jina la msichana aliyevunja sala ya Rufaeli. Halafu nikafikiri: na kama sijakosea?

"Nyekundu," nikasema.

"Sikusikii! Ngoma!"

"Nyekundu! Shambel, nyekundu! Nyekundu!"

Sijawahi kupiga kelele vile maishani. Nilikisikia kipaza sauti chake kikikwaruza upande wa pili kabla hajakata, na papo hapo kicheko cha barazani kikakatika kama uzi.

Gashe Asnake akaingia. Alitazama taa, kijani. Akanitazama mimi na simu mkononi, kama mtu aliyemkuta mgeni ndani ya chumba chake cha kulala.

"Umefanya nini?"

Nikageuza skrini imwelekee. Alivaa miwani, akainama, akasoma mstari, akasoma wa pili. Niliona kidole chake kikigusa ile kumi na tatu kwenye kioo, kikabaki pale. Kisha akatelemsha macho kwenye kipimo cha chini, akangoja mstari mpya uingie. Ule wa kipimo cha juu uliingia. Wa kati uliingia. Tukangoja.

"Kipimo cha chini kimenyamaza," akasema polepole.

Chuma kile kilisimikwa kwa zege. Kama kimenyamaza, hakipo.

Tukakimbia. Njia ya kwenda kivukoni inashuka katikati ya mashamba ya shayiri, na mvua ilikuwa imeigeuza sabuni. Nilianguka, nikainuka, viatu nikaviacha. Watu walikuwa wanapanda wakitukuta, wamelowa, wanatetemeka, wengine wamebeba watoto wa wenzao, na wengi walikuwa na hasira.

"Nani kasema nyekundu? Si kijani asubuhi?"

"Padri hata hajamaliza!"

"Baraka ya mwaka mzima mmetunyang'anya, nyie watu wa ofisi!"

"Mmemwona mama yangu?" niliuliza kila uso. "Mama Wubit. Ana mtoto wa kike, nywele amesukwa."

"Mama gani? Kila mtu ana mama," alinijibu kijana mmoja, akapita.

Nilifika kwenye jiwe la juu, hapo penye kamba, na nikauona mto. Ulikuwa mwekundu kweli, ila bado ulikuwa umelala kwenye kitanda chake. Pale chini Shambel alikuwa amemshika padri joho kwa nyuma, anamvuta kama anavyovutwa punda mbishi, na padri anaimba bado, msalaba juu, mwavuli wake wa nakshi umebaki umesimama kwenye mchanga. Yule bibi alikuwa anapandishwa na kiti chake, anawatukana waliombeba kwa kumtikisa. Majini hapakuwa na mtu. Kwa kitambo kidogo niliona kwamba hakuna kinachokuja, kwamba nimewatia watu hofu bure, na Mungu anisamehe, niliogopa aibu ile kuliko kitu kingine chochote.

Kisha nikasikia. Haikuwa sauti ya maji. Ilikuwa kama malori mengi yanamwaga kokoto mahali pamoja. Ndege waliruka kutoka kwenye miti ya kona. Miti ile ikainama, ikaanza kutembea.

Sitaeleza ukubwa wa ukuta ule wa maji, maana walioona hawahitaji na wasioona hawataamini. Ulipita na magogo, na paa la nyumba ya nyasi, na ng'ombe mmoja ambaye kichwa chake kilikuwa bado juu. Mwavuli wa padri uliinuliwa, ukazungukazunguka, dhahabu yake ikimetameta, ukaondoka. Mchanga ambao watoto walichezea haukuonekana tena. Mawe ya kuanikia nguo hayakuonekana. Watu wote mlimani walikuwa wanatazama mahali walipokuwa wamesimama muda mfupi uliopita, na sasa hakuna aliyeuliza nani kasema nyekundu.

"Emaye!" niliita. Sauti haikufika popote. "Meklit!"

Nilishuka. Shambel akanishika mkono. "Unakwenda wapi, wazimu? Huku kwangu nimewatoa wote. Nakuapia kwa bendera, wote."

"Mama yangu hayupo!"

"Wengine walikuwa karibu na upande wa pili, wakapandia ng'ambo. Tazama ng'ambo!"

Mvua ilikuwa pazia. Nilitazama mpaka macho yakauma. Ng'ambo kulikuwa na vitu vyeupe, na ningeweza kuapa kwamba ni watu na ningeweza kuapa kwamba ni kondoo. Kimoja kikasogea. Kikainama, kikainua kitu kidogo cheusi juu ya kichwa chake, kikakishikilia hapo, juu, kama padri anavyoinua mtoto siku ya ubatizo ili ndugu wote wamwone. Kitu kile kilikuwa kinarusha miguu kwa hasira.

Kichwa kigumu kama cha baba yake.

Nilikaa kwenye matope. Nililia bila kujifunika uso, mimi ambaye hata kwenye msiba hulia ndani ya netela.

Gashe Asnake alikuja akasimama kando yangu. Suruali yake ya sikukuu ilikuwa nyekundu hadi mapajani, na miwani haikuwa usoni. Wageni walikuwa wamebaki juu kwenye shayiri, wamesongamana chini ya mwavuli mmoja. Alikaa chini polepole, mtu mzima mwenye tumbo, kwenye tope lilelile.

"Ungeniambia, Wubit," akasema. Sauti yake kubwa ilikuwa imepotea.

"Nilikuja, Gashe."

"Ulikuja. Ulisema samahani. Ulisema labda. Ulisema nadhani. Kwa nini hukuniambia?"

"Samahani, Gashe."

"Tena samahani! Mnamsikia? Ameuokoa mji mzima, na bado anaomba..." Na akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha mtu ambaye hofu imemwachia ghafla, mabega yanaruka, machozi yanashuka, na Shambel naye akaanza kucheka, na waliokuwa karibu wakageuka kututazama.

"Usicheke," nikasema.

Hakusikia.

"Gashe, usicheke!"

Akanyamaza. Nikamtazama machoni, kitu ambacho sikuwahi kukifanya.

"Ukinicheka mbele za watu, mimi hunyamaza. Hivyo ndivyo nilivyo. Leo nimenyamaza na mkate mkononi, na mama yangu yuko majini. Nikija tena kukuambia kitu, usinicheke. Nisikilize mpaka nimalize."